Saruji ya Lukwego

Keziya alianza kumdharau Anord siku ileile aliyoshuka kwenye pikapu ya kampuni akiwa amevaa viatu vyeupe. Mvua zilikuwa zimekwisha lakini tope la Makwale lilikuwa halijakauka, na mtu aliyetumwa kujenga daraja mahali kama pale, kama ana akili zake, havai viatu vyeupe. Keziya aliviangalia vile viatu, akapandisha macho polepole hadi kwenye miwani ya jua iliyokaa juu ya kipara, akayashusha tena, kisha akatangulia kumwonyesha chumba cha uani. Chumba kilikuwa kitupu, na kampuni ilitaka mahali pa kumlaza msimamizi wake karibu na saiti.

"Shikamoo mama," alisema Anord, ameinama anapangusa kiatu kwa kitambaa.

"Marahaba. Choo kiko kule nyuma ya migomba. Ukienda na hivyo viatu, utarudi na vya rangi nyingine."

Yule bwana akacheka. Alikuwa mtu wa kucheka, na hilo nalo Keziya hakulipenda.

Daraja lenyewe lilikuwa la kuvuka Lukwego, kijito ambacho kiangazi unakivuka bila kukunja suruali na masika kinabeba ng'ombe. Upande wa huku ni mashamba ya kakao na mpunga, upande wa kule ni barabara ya kwenda Ipinda, kwenye mashine za kukoboa na malori ya wanunuzi. Miaka yote watu walikuwa wakivukia magogo yaliyopigiliwa mbao, na kila uchaguzi alitokea mtu wa kusimama juu ya magogo hayo, akayakanyaga kwa uchungu mbele ya watu, akaahidi zege. Keziya alikuwa mchuuzi wa mchele. Aliwasikiliza wote akiwa na kiroba kichwani, akisubiri wamalize hotuba ili apite.

Ndiyo maana bango la mradi liliposimikwa na wenzake wakapiga vigelegele, yeye alisonya.

"Bango ndilo wanalolijua kujenga," alimwambia jirani yake, Tulinagwe. "Hilo huwa halibomoki."

Lakini safari hii kazi ilianza kweli. Malori yalileta kokoto, nondo na saruji, magogo ya zamani yakang'olewa, vijana wa kijiji wakapata vibarua. Lutengano, mwanawe Keziya, aliyekuwa fundi mwashi mwenye jina zuri hadi Ipinda, alifanywa kiongozi wa mafundi. Anord alikaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, simu sikioni, akiwaelekeza watu kwa kidevu. Watu walimwita Meneja. Keziya alimwita yule wa viatu.

Saruji ilianza kutembea mapema. Kwanza baraza la mwenyekiti wa kijiji, Erasto, lililokuwa la udongo tangu enzi za baba yake, lilipata sakafu inayong'aa kama sahani. Kisha duka la Tusajigwe likapigwa lipu ndani na nje. Vikafuata vyoo, visima, majiko, hadi banda moja la nguruwe ambalo Keziya alikwenda kulitazama kwa macho yake, kwa kuwa hakuamini. Nguruwe walikuwa wamelala juu ya sakafu nyororo, wanakoroma, na mwenye nguruwe alikuwa akilala kwenye nyumba ya matofali mabichi yenye sakafu ya udongo. Hakuna aliyejificha sana. Mifuko ilipita kwenye bodaboda mchana kweupe, imefunikwa gunia kwa ajili ya heshima tu.

"Hiyo saruji inatoka wapi?" Keziya alimuuliza Tulinagwe walipokuwa wakianika kakao.

"Ni ile inayobaki."

"Inabaki kabla daraja halijaisha?"

Tulinagwe aligeuza kakao zake kwa kiganja, taratibu, bila kuinua uso. "Mama Lutengano, mradi ni wa wananchi. Sasa sisi ni nani?"

Keziya alimtazama. Huyu ndiye aliyelia juu ya magogo yale masika moja, ameshika mbao kwa mikono na magoti kama mtoto anayetambaa, akiapa kwamba serikali imewatupa. Mwizi anayeiba kwa mtu baki, Keziya angeweza kumwelewa. Angemfunga kamba, lakini angemwelewa. Watu hawa walikuwa wanang'oa nguzo ya nyumba yao wenyewe ili wachemshie chai, na wakati huohuo wanasifiana utamu wa chai. Tangu siku hiyo alipita kijijini shingo juu, akibetua mdomo kila alipoona lipu jipya, na yalikuwepo mengi ya kubetulia.

Kisha likafikiwa kanisa. Mwinjilisti Anyosisye alitangaza Jumapili kwamba ndugu yetu Meneja ameguswa na Roho, na sakafu ya nyumba ya Bwana haitakuwa tena ya vumbi. Watu wakapiga makofi. Anord alisimama kwenye benchi la mbele, akageuka, akainamisha kichwa kwa unyenyekevu mkubwa mno.

Sakafu ilipokamilika, Keziya alifika mlangoni na Biblia yake, akaiangalia, akageuka. Alitandika mkeka nje, chini ya dirisha, akakaa hapo ibada yote. Keziya alikuwa na sauti. Ulipofika wakati wa kuimba, waliokuwa ndani walimsikia yeye kuliko walivyojisikia wenyewe, na mwinjilisti alipotea mstari mara kadhaa. Jumapili iliyofuata akafanya vilevile.

Anyosisye alimfuata nyumbani.

"Ugonile, mama."

"Nimelala salama, mwinjilisti. Kaa hapo kwenye kigoda, mimi sina sakafu."

Anyosisye alikaa. Alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye kukohoa kabla ya kusema jambo gumu. Alikohoa. "Waumini wanauliza umekosana na nani."

"Na sakafu."

"Sakafu ile ni ya Mungu, mama."

"Basi Mungu amechukua saruji ya daraja. Masika ikija tutamwomba atuvushe kwa mkono."

Mwinjilisti alisema kwamba sadaka haiulizwi ilikotoka, na Keziya akamjibu kwamba ndiyo maana wezi wanaipenda. Anyosisye alinyanyuka, akamshukuru kwa maji ya kunywa, akasema ndaga, ndaga sana, akaenda zake amejikunyata kama mtu aliyenyeshewa.

Anord naye alijaribu. Jioni moja alimkuta Keziya akipepeta mchele, akavuta kigoda bila kualikwa.

"Mama, hata chumba ninacholala kina vumbi. Niruhusu nikisakafie. Nyumba nzima, ukitaka. Nitaleta vijana, siku moja tu."

"Vumbi lile ni langu. Likikusumbua, hama."

Anord alicheka, kisha, kwa mara ya kwanza tangu afike, kicheko kikakatika. "Unaniona mimi ndiye mwizi. Mama, nisipotoa, kazi haiendi. Mwenyekiti anakuja na mkono, wakubwa wanatuma watu, mwinjilisti anakuja, hata mlinzi anataka mfuko. Na huko juu kwenye kampuni wameshakata chao kabla sijafika hapa. Mimi nimekuta hivi."

Pengine alitazamia kuhurumiwa. Keziya aliendelea kupepeta, na makapi yakaanza kumwangukia yule bwana magotini. Wizi wake aliudharau, lakini kilio hiki alikidharau zaidi. Mtu anakuibia kuku halafu anakuja kukueleza jinsi manyoya yalivyomwasha.

Aliyemkosesha usingizi alikuwa Lutengano. Kijana aliishi jirani na mkewe Ikupa na mtoto wao mdogo, na jioni nyingi alipitia kula kwa mama yake kabla ya kula tena kwake.

"Zege likoje?" Keziya alimuuliza.

Lutengano alitazama wali. "Ni jepesi. Tunaambiwa tuongeze mchanga."

"Na wewe unaongeza."

"Mama, mimi ni fundi. Naambiwa, nafanya. Nikiacha, kesho kuna mwingine amesimama mlangoni."

"Aache asimame huyo mwingine. Jina liwe lake."

"Na Ikupa ale jina?"

Keziya alinyoosha mkono akaondoa sahani kabla kijana hajamaliza. Lutengano alibaki na tonge vidoleni. Alilitazama, akalila, akanawa, akaaga vizuri kama alivyofundishwa. Kuanzia hapo Keziya akaanza kumdharau naye, na akagundua kwamba hiyo ilikuwa kazi ya namna nyingine. Kuwadharau akina Erasto kulimnyanyua, kulimfanya atembee mwepesi. Kumdharau mwanawe kulikuwa kama kubeba kiroba kilicholoa.

Katikati ya kiangazi, mdogo wake aliyeolewa ng'ambo ya Songwe, kule Karonga, alifiwa na mume. Keziya alifunga nguo zake na mchele wa msibani, akavuka mpaka, akakaa huko hadi matanga yakaisha. Aliporudi alimkuta Lutengano amesimama uani pamoja na Ikupa, wote wawili wameoga, wamevaa vizuri, na harufu ya kuku inatoka jikoni.

"Njoo uone, mama," alisema Lutengano. Akamshika mkono kama alivyokuwa akifanya utotoni.

Nyuma ya nyumba, kwenye migomba, alikozikwa Asajile, mume wa Keziya, kabla ya hapo palikuwa na tuta la udongo lililozungushiwa mawe. Sasa palikuwa na kaburi. Kingo zimenyooka, juu pamelazwa kwa mwinamo wa kupitisha maji, kichwani msalaba, na jina la Asajile limechongwa herufi kwa herufi, safi, bila kupinda.

"Nimemjengea tata," alisema Lutengano. "Kwa mikono yangu. Sikumwachia mtu."

Keziya alipitisha kiganja juu yake. Lilikuwa baridi na laini. Kwa muda mfupi alisahau kila kitu, akamwona mumewe amepata pa kulala panapomstahili, hatafukuliwa na mvua wala kukanyagwa na mbuzi. Kisha kiganja kikasimama.

"Saruji hii umenunua?"

Lutengano alimtazama Ikupa.

"Mama, chakula kinapoa," alisema Ikupa.

Keziya aliingia ndani akajilaza na nguo zake za safari. Kuku aliliwa na nani, hakujua. Kulipokucha alichukua sululu, akaenda kusimama kichwani pa kaburi. Alikuwa ameinua mikono tayari aliposikia mtu akikohoa. Dickson, kaka wa marehemu, aliyeishi mbele kidogo, alikuwa amekaa mlangoni kwake anapiga mswaki kwa kijiti.

"Shemeji," alisema Dickson bila kupaza sauti, "ukipiga hapo, unampiga ndugu yangu."

Keziya alishusha sululu. Akairudisha mahali pake.

Habari zilikuwa zimeshaenea. Jumapili alitandika mkeka wake chini ya dirisha kama kawaida, na ibada ilipokwisha Tulinagwe akatoka, akasimama mbele yake, akakunja mikono kifuani.

"Hapa umekaa nje," alisema. "Na kaburini utakaa wapi?"

Wanawake wengine walikuwa wanasikiliza. Keziya alikunja mkeka wake. Akaupachika kwapani, akaenda zake.

Mbao zilizoshikilia zege zilipofunguliwa, ukuta unaoshika kingo upande wa Ipinda ulionekana una ufa kutoka juu hadi chini. Keziya aliuona akipita na mzigo. Ulikuwa ufa wa kuingiza kidole. Alipopita tena ulikuwa umezibwa kwa lipu na ukuta mzima umepakwa chokaa nyeupe, na alilijua lile lipu lilipigwa na mkono wa nani, kwa sababu ni mkono mmoja tu Makwale uliokuwa ukilaza lipu namna ile.

Mawingu yalikuwa yameanza kukaa juu ya milima ya Livingstone injinia wa wilaya alipokuja kulipokea daraja. Alikuwa mwanamke, jina lake Restituta, mwenyeji wa Bukoba aliyehamishiwa Kyela kwa kazi, mfupi, mwenye sura ya mtu aliyechoka kudanganywa. Erasto alipanga viti barazani kwake, juu ya saruji ya mradi huohuo, akaleta soda na kuku wa kukaanga. Restituta hakugusa kuku. Alizungushwa darajani, akaonyeshwa chokaa, kisha wananchi wakaombwa watoe maoni. Mmoja baada ya mwingine walisimama wakashukuru. Tusajigwe alisema hajawahi kuona daraja imara kama lile. Tulinagwe alishukuru kwa niaba ya akina mama. Mwinjilisti Anyosisye alikohoa, akaliombea daraja.

"Kuna mwenye jambo lingine?" aliuliza Restituta.

Keziya alikuwa amesimama nyuma. Alimwona Lutengano kati ya mafundi, amemkazia macho, na kichwa chake kinatikisika kidogo sana, kama anayefukuza inzi. Keziya akanyamaza. Mkutano ukafungwa, watu wakaanza kumega kuku. Aliwatazama: vidole vyenye mafuta, midomo inayotafuna na kusifu, Erasto akimmiminia Anord soda kama anambatiza. Akaona kwamba akinyamaza atakuwa anawadharau akiwa ameketi nao mezani.

Alimfuata injinia hadi kwenye gari, mbele ya macho ya wote.

"Shikamoo mama," alisema Restituta, mkono uko mlangoni.

"Marahaba. Ukuta wa upande wa Ipinda una ufa. Wameupaka chokaa."

Restituta hakustuka. Alimtazama Keziya kuanzia kandambili, akapanda hadi kwenye kilemba, akashuka tena. "Mama, kila daraja ninalokwenda yupo mtu mmoja anayenifuata kwenye gari kuwachongea wenzake. Akikosa mifuko ndipo anaona nyufa. Wewe ulinyimwa mingapi?"

Maisha yake yote Keziya alikuwa ndiye mwenye kuangalia watu namna ile. Hakujua kwamba inauma mahali pa kimwili kabisa, chini ya mbavu.

"Sikunyimwa," alisema. "Njoo uone nilichopewa."

Walikwenda kwa miguu. Watu kadhaa waliwafuata kwa mbali, na Anord hakuwa mmoja wao. Walipofika kwenye migomba Restituta alisoma jina msalabani.

"Huyu ni nani?"

"Mume wangu. Na hiyo ni saruji ya daraja."

Injinia alimwangalia tena, na safari hii hakushuka hadi kwenye kandambili. Alitoa mkobani chombo kama nyundo nene ya chuma, ile ya kupimia ugumu wa zege. "Naomba ruhusa," alisema, na Keziya hakujua kama aliombwa yeye au marehemu. Alikikandamiza juu ya kaburi, kikalia tak, akasoma, akahamia sehemu nyingine, akasoma tena.

"Nani alifanya kazi hii?"

"Mwanangu. Ndiye aliyejenga na ule ukuta."

Walirudi mtoni. Restituta alikwangua chokaa kwa bisibisi, na lipu likafuata, na nyuma ya lipu zege likamomonyoka na kumwagika kwenye viatu vyake kama unga wa mihogo. Alipima kwa kile chombo mahali pengi. Hatimaye alikirudisha mkobani, akasema kwa sauti ya chini, si kwa kejeli, "Kaburi limeshika kuliko daraja."

Kitu kilichompata Keziya kwanza kilikuwa fahari. Mwanangu anajua kazi. Ilidumu pumzi moja tu. Kijana alijua kazi. Alikuwa ameijua muda wote, na alikuwa amechagua wapi pa kuifanya.

Anord aliondoka jioni hiyohiyo kwa bodaboda, na kampuni ikasema haijui alipo. Polisi walipokuja waliwachukua waliopatikana, na waliopatikana walikuwa mlinzi wa stoo na Lutengano. Wiki hiyo kijiji kizima kilianika kakao ndani ya nyumba, juu ya sakafu mpya, zisionekane. Baraza la Erasto lilifunikwa mikeka kutoka ukuta hadi ukuta, dukani kwa Tusajigwe mtu alikanyaga kakao hadi kwenye kaunta, na hata nguruwe walitandikiwa majani. Polisi waliingia kanisani, wakavua kofia, wakatoka.

Keziya na Ikupa walipeleka chakula kituoni Kyela. Ikupa hakukubali kutembea naye bega kwa bega. Alimtangulia hatua kadhaa, mtoto mgongoni, na alipozungumza hakugeuka.

"Uliwajua wote, mama. Mbona ulianza na huyu?"

"Ningewezaje kutaja baraza la Erasto nikaruka kaburi la kwangu?"

"Ungeruka," alisema Ikupa. "Watu wote wanaruka."

Lutengano alipokea chakula kupitia kwa askari, akala, akarudisha vyombo. Hakumtazama mama yake. Baadaye waliachiwa, yeye na mlinzi, kwa kuwa wakubwa waliotakiwa kuunganishwa kwenye kesi hawakuonekana. Akahamia Talatala, kwa ndugu wa mkewe, akapata kazi za kujenga huko.

Daraja lilifungwa kwa mapipa na matawi, na masika ikaingia. Magogo hayakuwepo tena. Watu walivuka Lukwego kwa kushika kamba, maji kifuani, mizigo kichwani, na kila aliyeteleza alimlaani Keziya. Anord hakutajwa. "Mama Lutengano ndiye aliyetufungia daraja," walisema, na walipomwona anakuja na kiroba chake, waliokuwa ng'ambo waligeuza migongo ili wasimpokee mzigo. Alivuka peke yake. Aliwatazama wakiwa wameng'ang'ania kamba kwa mikono yote miwili na kumtukana kwa meno yanayogongana kwa baridi, na aliwadharau vizuri kabisa, kwa moyo wote. Ila hakupata tena ule wepesi wa zamani.

Kiangazi kilichofuata alikuja mkandarasi mwingine. Ukuta ulibomolewa, ukajengwa upya, na Restituta alikuwa pale karibu kila wiki. Alipokutana na Keziya njiani alisimamisha gari, akamwamkia, akauliza habari za mchele, akaendelea. Kaburi halikubomolewa. Hakuna aliyetoa amri ya kulibomoa, na Keziya hakuuliza.

Siku ya kufungua daraja palipigwa ngoma na kuimbwa kwaya. Diwani alizungumza kwa kirefu. Alieleza jinsi wananchi wa eneo hili walivyo mfano wa kuulinda mradi wao, na akamwita mbele Mwenyekiti Erasto, ambaye bila macho yake makali, alisema, wabadhirifu wangetumaliza. Akamvisha kofia mpya. Erasto alitokwa na machozi, na alikuwa analia kweli, hilo ndilo lililokuwa la ajabu, alikuwa ameshaamini. Tulinagwe alipiga kigelegele kirefu kuliko vyote.

Keziya alikuwa nyuma kabisa ya umati. Kicheko kilimwanzia tumboni, kikapanda kimyakimya, mabega yakaanza kutikisika.

"Mama, wanakuangalia."

Alikuwa Lutengano. Amesimama hatua chache kutoka kwake, mtoto amemweka mabegani, nguo zina vumbi la safari. Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa mama yake tangu achukuliwe na polisi.

"Waache waangalie," alisema Keziya, akajifuta macho kwa ncha ya khanga.

Walisikiliza hotuba kidogo. Kisha Lutengano akasema, uso ukiwa bado umeelekea kwa diwani, "Ule ukuta nimeupitia asubuhi. Nimeugonga. Uko sawa."

"Umekula?"

"Nimekula Ipinda."

"Ikupa hajambo?"

"Hajambo. Hakutaka kuja."

Keziya alimtazama mtoto, aliyekuwa amelala na shavu juu ya kichwa cha baba yake. Alitaka kumgusa mguu, akauacha mkono ulipo.

"Mwambie Ikupa nitakuja Talatala na mchele, mimi mwenyewe," alisema. "Akitaka kunifukuza anifukuze, lakini anitazame."

Lutengano alifikiri. "Nitamwambia," alisema. Diwani alikuwa anaanza upya kushukuru, kuanzia ngazi ya taifa. Lutengano alimpandisha mtoto vizuri mabegani, akapenya katikati ya watu, akashika njia ya kurudi Talatala.